Una madeni na jina lako limepelekwa kwenye upekuzi: mwongozo kamili kwa mtumishi wa Tanga

Habari huanza kwa minong'ono. Mwalimu wa Muheza anadokezwa kwamba jina lake limo kwenye waliopendekezwa kuwa wakuu wa shule. Karani wa masjala ya wazi pale jijini anaambiwa huenda akahamishiwa masjala ya siri, asubiri vetingi, yaani upekuzi wa mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi. Furaha hudumu mpaka usiku, kisha hesabu zinaanza: benki, kikundi, kijumbe wa upatu, na yule bwana wa Ngamiani anayekopesha kwa riba na kukaa na kadi yako ya benki. Je, nitapita?

Deni peke yake halimwangushi mtu. Ingekuwa hivyo, halmashauri zetu kuanzia Mkinga hadi Kilindi zingekosa wakuu wa idara. Kinachoangusha ni kudaiwa na mtu anayeweza kukuamuru, au kuulizwa juu ya deni ukaficha. Mwongozo huu umejengwa juu ya hayo mawili, ndiyo maana mpangilio wa kulipa nitakaoupendekeza haufanani na ule atakaokupa afisa mikopo.

Kwa nini wanajali pesa zako

Anayepewa siri za serikali anapewa kitu kinachouzika. Bei za zabuni kabla hazijafunguliwa, jina la raia aliyetoa taarifa, mtihani kabla ya siku yake, ratiba ya doria kwenye njia za panya za kule Horohoro: kila kimoja kina mnunuzi. Nyaraka za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na kuzitoa ni kosa la jinai. Lakini sheria huja baada ya siri kutoka. Upekuzi upo ili kuangalia, kabla hujapewa ufunguo, kama kuna mtu aliyekwisha kukushika pabaya.

Wamarekani wameviandika hadharani vigezo vyao vya kibali cha usalama, na kuvisoma kunasaidia kuelewa fikra za mpekuzi yeyote. Agizo lao linaitwa SEAD 4, lilianza kutumika Juni 8, 2017, na kipengele chake cha F chote kinahusu fedha. Linaangalia kama mtu anashindwa kulipa au hataki kulipa, kama amekwepa kodi, kama anacheza kamari, kama amedanganya ili apate mkopo, na kama anaishi maisha ambayo kipato chake hakiyaelezi. Fomu yao, SF-86, inauliza matatizo ya kifedha ya miaka 7 iliyopita. Kisha agizo hilohilo linataja yanayompunguzia mtu uzito wa tatizo lake: tatizo lilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wake, kama ugonjwa, kifo, talaka au kupoteza kazi, naye akalishughulikia kiungwana, ameshaanza kulipa kwa nia njema, amepata ushauri wa fedha, au deni lenyewe analipinga kwa sababu za msingi na ana karatasi zake.

Wana sababu ya kuwa makini. Aldrich Ames, ofisa wa shirika lao la ujasusi la CIA, alielemewa na madeni wakati wa talaka. Mwaka 1985 akawaendea Wasovieti, akalipwa dola 50,000 kwa kuanzia. Alikamatwa Februari 1994, na katikati hapo watu waliotajwa naye waliuawa.

Sheria za Marekani hazimhusu karani wa Korogwe. Hata hivyo ukiyatazama yale yanayompunguzia mtu uzito, yote yanafanyika hata ukiwa Korogwe, na hatua zinazofuata zimetoka humo.

Hatua ya 1: Andika kila deni, hata lile la daftari la dukani

Chukua daftari jipya. Andika unadaiwa na nani, ulikopa lini, ulikopa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, unalipa nini kwa mwezi, na nani anajua. Hiyo safu ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo yenye kazi.

Usiishie benki. Weka mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, SACCOS, VICOBA, upatu ambao umeshapokea lakini hujamaliza kutoa, Songesha, Timiza na ndugu zao wa kwenye simu, kodi ya nyumba uliyochelewesha, ada ya mtoto, mchango wa harusi ulioahidi mbele ya kamati na hujatoa. Weka pia udhamini. Uliposaini fomu ya mwenzako wa SACCOS ulijifunga: akiacha kulipa, deni linakuja kwako. Watu wazima wenye akili zao husahau udhamini wa miaka mitatu nyuma, kisha wanaukumbuka siku makato mapya yanapotokea kwenye mshahara.

Kaeni na mwenzako wa ndoa. Mazungumzo haya hayana raha, na yaanze mapema, watoto wakishalala.

"Baba Asha, nakuuliza kwa heri. Kuna deni lolote ambalo mimi silijui?"

"Lipo, mama. La kaka. Nilimdhamini kwenye pikipiki."

Afadhali ulisikie kwa mumeo mezani kuliko kulisikia kwa mtu wa mtaani aliyeulizwa juu yenu.

Hatua ya 2: Soma slipu ya mshahara, halafu soma yale isiyoyaonyesha

Kanuni inayojulikana kwa watumishi wote ni ya theluthi: baada ya makato yote, mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Tuiweke kwenye namba.

Mwalimu ana mshahara wa msingi wa Sh 900,000. Pensheni ya PSSSF asilimia 5 ni 45,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 27,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 18,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa baada ya kuondoa pensheni, ni 91,750. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Jumla ni 316,750, anabaki na 583,250. Theluthi yake ni 300,000, kwa hiyo kwenye mshahara ana nafasi ya mikopo ya 283,250 tu kwa mwezi.

Sasa benki inamkata 210,000 na SACCOS 60,000. Anabaki na 313,250. Kwa slipu, mtu huyu yuko salama, hata afisa utumishi hana neno naye.

Lakini daftari lake linasema mengine. VICOBA 40,000. Upatu 50,000. Bwana wa Ngamiani alimpa laki tano kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kwa kuwa laki tano yenyewe haijapatikana, kila mwezi analipa riba pekee, 150,000. Kilichobaki cha kula, nauli na umeme ni 73,250. Mtu anayelisha familia ya watu watano kwa kiasi hicho ama anakopa tena, ama ana mlango mwingine wa pesa. Mpekuzi akishaona pengo hilo atataka kujua ni mlango gani.

Fanya hesabu hiyo kwako. Ukibaki na namba isiyoelezeka, hapo ndipo kazi yako ilipo.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, neno moja: kama umeajiriwa na slipu haionyeshi makato yao wakati ulisoma kwa mkopo, usishangilie. Nenda mwenyewe kwa mwajiri ukajitaje. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikiwatisha wengi iliondolewa mwaka 2021, hivyo sababu ya kujificha imepungua sana.

Hatua ya 3: Panga madeni kwa anayekudai, usiyapange kwa ukubwa

Hapa ndipo ninapoachana na ushauri wa kawaida wa kulipa deni kubwa kwanza, au lenye riba kubwa kwanza. Kwa mtu anayesubiri upekuzi swali ni hili: huyu ninayedaiwa naye, siku moja anaweza kunitaka nini?

Benki, Bodi ya Mikopo na SACCOS zinataka pesa yao tu. Wana mkataba, wana utaratibu, na ukigombana nao mnagombana kwa barua. Deni hilo liache liendelee kukatwa. Hata likiwa milioni kumi, liko hadharani.

Kikundi, kijumbe, muuza duka na ndugu wanataka pesa pamoja na heshima. Hatari yake ni maneno. Mpekuzi akipita Makorora au Mabawa akauliza juu yako, jibu la "huyo si mtu wa kulipa" linatoka hapa. Madeni haya huwa madogo. Yamalize kwa miezi michache, na kila ukilipa sema wazi mbele ya mtu wa tatu.

Kisha kuna kundi linalopaswa kulipwa kwanza, hata kama ni laki moja, hata kama halina riba: mzabuni anayeuza vifaa kwenye ofisi yako, mfanyabiashara anayepitisha mizigo mahali unapokagua, mzazi ambaye mwanawe yuko darasani kwako, na mtumishi aliye chini yako. Mzabuni aliyekusaidia laki tatu za matibabu bila riba na bila maandishi amekupa mkopo wa bei ghali kuliko wote. Hatakudai. Atakuja siku ya zabuni, atakusalimia vizuri, ataulizia hali ya mgonjwa. Mlipe kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na kwenye maelezo ya muamala andika "kurejesha mkopo wa tarehe fulani". Akikataa kupokea, ndiyo ujue ulikuwa mkopo wa namna gani. Mwandikie mkuu wako barua fupi inayoeleza deni hilo na jitihada yako ya kulilipa.

Mkopeshaji wa mtaani naye yuko kwenye kundi hili, na anastahili hatua yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Jinasue kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha watu kwa biashara bila kupokea amana anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, daraja la pili. Riba ya juu iliyowekwa kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano ni Sh 17,500. Mwalimu wetu analipa 150,000. Tofauti hiyo ikae kichwani unapokwenda kuzungumza naye.

Anza na kadi. Ukimwachia mtu kadi ya benki na namba ya siri umemkabidhi akaunti yako, na aliye na akaunti yako mwisho wa mwezi ana amri juu yako. Iombe kwa adabu, ukiwa na shahidi. Akikataa, nenda tawi la benki lililo karibu, ifungwe, upewe nyingine. Usiombe ruhusa ya mkopeshaji kwa hilo. Bado unadaiwa naye na utamlipa, lakini kwa njia nyingine.

Pili, dai mkataba. Kama hana, andikeni kinachobaki siku hiyohiyo, mkiwa na mjumbe au ofisa wa serikali ya mtaa. Wengi wao hulainika wakiona karatasi na leseni vinaulizwa kwa sauti ya upole.

Tatu, na hili washauri wengi hawalipendi: kopa umlipe. Ikiwa SACCOS yako inaweza kukupa laki tano bila kuvunja kanuni ya theluthi, ichukue, maliza deni la mtaani lote kwa siku moja, pata karatasi iliyosainiwa kwamba humdai wala hakudai. Umehamisha deni kutoka gizani kwenda kwenye slipu. Kiasi ni kilekile, ila kwa macho ya upekuzi ni kitu kingine kabisa. Sharti ni moja: usirudi kwake mwezi wa pili. Anayerudi amejiongezea deni juu ya deni, kukopa harusi na kulipa matanga mara mbili.

Mikopo ya programu za simu ina ubaya wake wa pekee, kwani baadhi huchota majina yote yaliyo kwenye simu na kuyatumia ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini na kuzipiga marufuku. Kama ulikopa huko, kumbuka pia simu hiyohiyo ina namba za wakuu wako na pengine picha za barua za ofisi. Lipa mtaji uliokopa kwa njia yenye risiti, ifute programu, hifadhi ujumbe wa vitisho na upeleke polisi. Simu yenye barua za ofisi isiwekewe programu ya mikopo tena.

Hatua ya 5: Tazama taarifa zako za mikopo kabla wengine hawajazitazama

Mabenki yanapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni, Creditinfo Tanzania ikiwemo, hutoa ripoti zake. Omba yako kwa kitambulisho cha NIDA, au muulize afisa mikopo wa benki yako namna ya kuipata. Soma kila mstari. Makosa ya kawaida ni mkopo uliokwisha unaoonekana bado upo, na deni la mtu mwingine uliyemdhamini. Malalamiko yapeleke kwa maandishi kwenye taasisi iliyotuma taarifa hiyo, weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikikwama, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja.

Mkopo wowote uliomaliza, omba barua ya kumaliza deni. Mdomo wa meneja hautoshi, meneja huhamishwa.

Hatua ya 6: Jaza fomu kama mtu anayetaka kukutwa

Hata pale fomu ya upekuzi haina sehemu iliyoandikwa "madeni", yatajitokeza kwa slipu, kwa mtaa, au kwa mahakama kama umewahi kushtakiwa kwa madai. Kwa hiyo yataje mwenyewe pale fomu au mhojaji anapofungua mlango. Mtindo unaofaa ni mkavu:

"Nadaiwa na benki Sh 4,800,000, nakatwa Sh 210,000 kwa mwezi kwenye mshahara. Niliwahi kukopa Sh 500,000 kwa mkopeshaji binafsi kwa ajili ya matibabu ya mama. Nimelipa lote, nakala ya makubaliano imeambatishwa."

Hakuna kujitetea, hakuna kulia. Kiasi, sababu, hali ya sasa, ushahidi. Ukiona unaandika nusu ukurasa wa kueleza deni moja, bado hujalimaliza. Rudi hatua ya 3.

Kwa walio chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995, kuanzia mawaziri na wabunge hadi wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri na madiwani, kutaja madeni ni amri ya sheria. Tamko la rasilimali na madeni hupelekwa Sekretarieti ya Maadili ndani ya siku 30 tangu kushika wadhifa, na tena kila mwisho wa mwaka, kabla ya Desemba 31 kupita. Linahusu pia mali na madeni ya mume au mke na watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Ndiyo maana lile deni la pikipiki la shemeji lilipaswa kusemwa mapema. Ukipandishwa cheo, uliza siku ya kwanza kama nafasi yako mpya imo kwenye orodha ya wanaopeleka tamko.

Angalia na upande wa pili. Mtu asiye na deni hata moja, mwenye nyumba ya ghorofa Raskazone kwa mshahara wa laki tisa, ana maswali magumu kuliko mwalimu wetu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaifanya mali isiyoelezeka kuwa kosa. Kama nyumba ilijengwa kwa mkopo, karatasi za mkopo huo ndizo zitakazokulinda. Usizichome kwa furaha ya kumaliza.

Hatua ya 7: Mahojiano

"Mwalimu, tumesikia ulikuwa na shida na watu wa mikopo."

Jibu baya ni "wivu tu wa watu." Jibu zuri: "Ni kweli, mkuu. Mwaka jana nilikopa kwa mtu wa mtaani mama alipolazwa Bombo. Nilimaliza mwezi wa tatu. Nina karatasi."

Jibu ulichoulizwa, nyamaza. Usitaje madeni ya wenzako ili yako yaonekane madogo, maana ukifanya hivyo umemwonyesha mhojaji jinsi unavyotunza siri. Usimpigie simu mtu yeyote "akusukumie faili" pia. Aliyekusukumia faili utadaiwa naye, na deni hilo halimo kwenye daftari lolote.

Ukishapita, au ukikwama

Ukipita, siku ya barua wakopeshaji watakuwa wa kwanza kukupongeza. Cheo kipya kinaongeza nafasi ya mkopo kwenye slipu. Iache wazi kwa mwaka mzima. Acha udhamini wa watu unaowasimamia, kwa maneno haya haya: "Dada, nafasi niliyonayo sasa hainiruhusu." Hatakuchukia kwa muda mrefu. Likitokea jambo zito, msiba au ugonjwa ukakopa, mwambie mkuu wako mapema kwa maandishi.

Ukikwama, usidhani mara moja ni madeni. Inaweza kuwa umri, vyeti, nidhamu, au nafasi yenyewe imejazwa. Muulize afisa utumishi kama kuna kitu kwenye jalada lako cha kurekebisha. Kama kuna hukumu ya madai mahakamani, anza nayo: omba kulipa kwa awamu, upate amri ya mahakama inayosema hivyo, na lipa kila awamu kwa tarehe yake. Nakala za risiti zipeleke zikawekwe kwenye jalada lako kila baada ya miezi mitatu, bila kusubiri kuombwa, kwa sababu majina hupendekezwa upya na anayelifungua jalada mara ya pili huenda si yule wa mara ya kwanza.